Kipande Kisichojengwa

Jembe la kwanza lilipoingia, Shosho alikuwa amevua kiatu kimoja tu. Mguu mmoja ndani ya raba nyeusi ya plastiki, mwingine mtupu juu ya nyasi, na wanaume wanne wa kanisa wakichimba kumzunguka kama watu wanaong'oa kisiki. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, jua limetoka vizuri, na ploti nzima imesimama milangoni na vikombe vya chai kama inatazama mpira. Pasta Jotham alikuwa ameinua Biblia juu. Njoroge, mtoto wa Shosho wa kumzaa, alikuwa ameshika kamba ya fundi ya kupimia. Hapo nataka muangalie vizuri: watu walikuja kufukuza pepo wakiwa na kamba ya kupimia nyumba. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya chumvi ambayo Pasta alikuwa ameyaombea ili yamwagwe shimoni. Shosho hakulia wala hakupiga kelele. Alipitisha macho kwa watu wote mpaka akanifikia. "Akinyi," akasema, "waambie. Wewe unajua Njoki ni nini. Waambie." Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa najua. Hakuna mtu mwingine kwa ile ploti aliyejua kama mimi. Nikaangalia ndoo yangu, nikasema, "Mimi sijui kitu, Shosho."

Maneno manne. Nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kumwambia mtu. Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwa kibanda changu cha mboga hapa Kambi Muru, nakatakata sukuma, nikasikia mtu anasema, "Na huyu si Mjaluo wetu?" Kuinua macho, ni Mama Brayo, aliyekuwa jirani yangu Kawangware, mnene vilevile, ila meno yamepungua. Alikuwa amekuja Kibera kumwona binti yake. Tulishikana, tukacheka, nikampa stuli. Halafu akaniambia vile watu husema bei ya nyanya: "Shosho tulimzika. Ulisikia?" Sikuwa nimesikia. Nani angenitumia habari? Akaniambia Shosho alimalizia maisha kwa fleti ya Njoroge, orofa ya nne, na kwamba miaka ya mwisho alikuwa anaomba kitu kimoja kila siku: aletewe karai iliyojaa udongo aweke miguu ndani. Mke wa Njoroge alileta mara moja, halafu akaimwaga kwa sababu tailisi za sakafu zilikuwa zinachafuka. Na kwa mazishi, nani alisimama kuhubiri? Jotham, ambaye siku hizi ni Askofu. Alisema Shosho alikuwa nguzo ya kanisa. Mama Brayo alisema watu waliitikia amina. Mimi nikaacha kukata sukuma, na kisu kikabaki mkononi, na mteja akauliza kama ninauza ama siuzi.

Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mtu asitafute hapa Kiswahili cha redio. Nitaandika vile nilivyoona. Na nikitaja mtu kwa ubaya, mjue mimi nimejitaja wa kwanza.

Nilihamia Kawangware nikiwa na miaka ishirini na moja na matiti yangu bado yana maziwa. Nilikuwa nimetoka Soweto West, hapa hapa Kibera, kwa chumba ambacho mtoto wangu Adhiambo alifia, ana miezi minne. Alihara siku tatu. Alizikwa makaburi ya Lang'ata, akawekewa kibao chenye nambari, na mvua ilipokuja kibao kikaenda na maji. Nilirudi mara mbili kumtafuta nikasimama kati ya vibao vya watu wengine kama mtu aliyesahau mlango wake. Kwetu upande wa ziwa, mtoto hulazwa nyumbani, mama akifungua mlango asubuhi anajua yuko wapi. Mimi sikujua wa kwangu yuko wapi. Nilitoka Soweto kwa sababu kila nikiona beseni ya kumuogeshea naona giza. Rafiki aliniambia kuna kazi ya kufua nguo kwa maghorofa ya upande ule, na kuna mwanamke Mkikuyu ana ploti, kila mtu humwita Shosho, yaani bibi mzee, hasumbui watu sana bora usimwage maji machafu mlangoni kwake.

Ile ploti ilikuwa vyumba sita vinaangaliana na vyumba sita, mabati juu, mabati kando, mtaro katikati, mfereji mmoja, choo mwisho. Mimi nilikuwa namba tatu. Mama Brayo namba nne, na ukuta wa mabati kati yetu ulikuwa wa kuzuia macho tu. Nikikaanga omena, vile visamaki vyetu vya ziwa, ananiita, "Wewe Mjaluo, leo umeamua kutumaliza?" Baada ya dakika kumi anagonga na sahani: "Basi leta hiyo sumu nionje." Yeye alikuwa ananiletea githeri ya jana, mahindi na maharagwe, iliyokaangwa na kitunguu, na mpaka leo sijaonja chakula kitamu kama kile, ingawa wakati huo nilikuwa namega vijiko viwili halafu chakula kinakataa kushuka. Na nyuma kabisa, kando ya fensi, kulikuwa na kile kipande. Futi kumi kwa ishirini. Nyasi, mboga za managu na terere zinazojiotea, na siafu. Hakukujengwa kitu. Mtu wa kutoka mbali hawezi kuelewa kile kilikuwa kitu cha ajabu namna gani. Kawangware, mahali mtu anaweza kuweka kitanda ni mahali pa kukodisha. Kipande kisichojengwa kwa ploti ni kama mtu mwenye njaa aliyeshika mkate haumi. Lazima watu waulize. Nilikuwa nawasikia wakifua pale mfereji:

"Amezika bwanake hapo."

"Bwanake si alizikwa kwao? Mimi nilienda mazishi, nikala mpaka nyama."

"Basi amezika pesa."

"Angekuwa na pesa si angetengeneza hiyo choo kwanza."

Asubuhi moja nilitoka kuchota maji kabla foleni haijakuwa ndefu, nikamwona Shosho. Alivua viatu vyake vya plastiki akavipanga pamoja, kama vya mtu anayeingia kwa nyumba ya wenyewe. Akaingia kwa nyasi na kikombe cha uji. Akamwaga kidogo chini kabla hajanywa. Halafu akasimama tu. Nilifikiri amekuwa mgonjwa, nikasogea.

"Shosho, umepoteza kitu?"

"Mimi sijapoteza. Wewe ndio umepoteza. Vua viatu uingie."

"Kuna baridi."

"Ndiyo. Ingia kwa hiyo baridi."

Sijui mbona niliingia. Labda kwa sababu hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba nimepoteza. Wote walikuwa wananiambia nishukuru. Alinionyesha vile hufanywa. Unasimama mpaka baridi itoke kwa unyayo ifike kifundo, halafu muundi, halafu goti, na wewe unaifuata na akili yako polepole kama unayemsindikiza mgeni. Huongei. Baridi ikifika goti unatafuta kitu kimoja ambacho jana hakikuwa: jani jipya, njia ya konokono, manyoya ya ndege. Ukikiona unakisalimia kwa sauti, kwa lugha yoyote. Basi. Nilimuuliza maombi yanaanza lini. Akaniambia, "Usiombe kitu hapa. Hii si ofisi ya chifu." Na huyo alikuwa mwanamke wa kanisa kabisa, msinifikirie vingine. Kila Jumapili alifunga kitambaa chake cheupe cha akina mama akakaa benchi ya tatu. Nilimuuliza kama hii si dhambi. Akasema, "Mungu alishika udongo kabla hajashika Biblia. Wewe simama."

Nikasimama. Asubuhi nyingine nikasimama tena. Kufika wiki ya pili nililia hapo, kilio ambacho sikulia Lang'ata, na maziwa yakanitoka yakalowesha blauzi, nikasema jina la mtoto wangu chini kwa nyasi. Shosho hakuuliza Adhiambo ni nani. Alimwaga uji mara ya pili, akaendelea kusimama. Nilipata kwa kile kipande kitu ambacho makaburi yalininyima: mahali pa kumsalimia mtoto. Baada ya hapo chakula kikaanza kushuka. Mama Brayo alisema kupitia mabati, "Leo umesugua sahani mpaka imelia."

Sasa hilo jina. Shosho akiingia kwa nyasi, neno lake la kwanza lilikuwa "Njoki." Kila siku, kwa sauti ya kumwamsha mtu anayempenda. Nilimuuliza Mama Brayo Njoki ni nani. "Ni jina letu," akasema. "Mtoto msichana akifa na mwingine azaliwe, huyo wa pili anaitwa hivyo. Maana yake ni aliyerudi. Kwani nani anaita Njoki?" Hapo nikaingiwa na baridi nyingine. Nikajua mwanamke huyu anaita mtoto aliyekufa, na mimi nimesimama juu yake na miguu mitupu. Siku tatu sikutoka nyumbani asubuhi. Siku ya nne Shosho mwenyewe alikuja kugonga, nikamuuliza kwa hasira. Alicheka mpaka akashika mlango. Akanipeleka nyuma. Wakati huo ulikuwa kiangazi, nyasi zote zimekauka zikawa vumbi, hata siafu wamehama. Akaelekeza kidole chini.

"Njoki ni huyu. Nilipoolewa, hii yote ilikuwa shamba mpaka kule mtoni. Tukajenga, tukajenga. Kimebaki hiki. Kila kiangazi kinakufa, kila mvua kinarudi. Nilikipa jina ili kisisahau kurudi."

Mvua ilipokuja, siku ya sita kukaota. Niliona kwa macho yangu. Nilipiga magoti nikaangalia sindano ndogo za kijani zikitoka kwa vumbi, na nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Njoki." Kwa hivyo mtu asije kuniambia sikujua.

Lakini Mama Brayo hakuwa ameambiwa. Yeye alikuwa na sikio lake kwa mabati. Alisikia asubuhi mtu anaita aliyerudi, halafu anasikia kilio. Kilio kilikuwa changu. Alimwambia mwenzake mferejini, mwenzake akamwambia mke wa Pasta, na kufikia mwisho wa mwezi hadithi ilikuwa kwamba landilodi anaita mtoto kutoka kwa udongo na mtoto anamjibu akilia. Mimi nilikuwa hapo, nasugua soksi za watu, nasikia kilio changu kinasimuliwa kama cha mfu. Ningesema, "Ni mimi." Ni neno dogo. Niliona haya, kwa sababu wangeuliza, unalilia nini asubuhi kwa nyasi za watu, na ningelazimika kueleza. Nikasugua soksi.

Njoroge ndiye alijua kutumia hiyo hadithi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, jaketi ya ngozi, simu kiunoni wakati simu bado zilikuwa za watu wachache. Nilikuwa namsikia kwa nyumba ya mamake:

"Mathe, hapo ni rumu mbili. Rumu mbili! Maboyz wananicheka, wanasema tunafuga nyasi."

"Jenga nikishakufa."

"Na wewe nawe hutaki kufa."

Huyo ndiye Njoroge. Hakuwa anaamini pepo hata kidogo. Nilikuwa naona anavyopita pale nyuma akihesabu hatua.

Kanisa la Jotham, ambamo hata Shosho alisali, lilikuwa la mabati, karibu na sehemu inayoitwa Kongo, spika zake zikielekea barabarani. Nilikuwa nimeanza kwenda Jumatano, siku ya akina mama. Jumatano moja akashuka madhabahuni, akanisimamia mbele, akasema, "Naona mtoto analia katika maisha yako." Nilianguka chini, nikamtaja mtoto wangu aliyekufa. Leo najua mke wake alikuwa ameambiwa habari ya kilio cha ploti, lakini siku hiyo nilijua ni Mungu. Baada ya ibada nikaitwa kwa ofisi, chumba kidogo cha nyuma chenye pazia. Nikapewa kiti. Nikafunguliwa Fanta. Mimi, mfua nguo, niliitwa "dada Akinyi" na mtu mwenye tai. Na Njoroge alikuwa amekaa hapo kwa kona, amekunja nne.

"Dada Akinyi, mtoto wako alikufa na nini?"

"Kuhara, Pasta."

"Kuhara ni mlango tu. Nani aliingia kwa huo mlango?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua. Huo ndio ukweli ambao sijauandika mahali popote mpaka leo: usiku mbili nilimpa Adhiambo maji ya mtungi bila kuchemsha kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yameisha na niliona haya kukopa kwa jirani tena. Nilikuwa nimebeba hayo maji Soweto mpaka Kawangware. Hata pale kwa nyasi sikuwa nimeyasema. Na sasa hapa kuna mtu ameshika Biblia, ananiuliza nani aliingia, na naona kwa uso wake kwamba jibu si lazima liwe mimi.

"Pasta," nikasema, "lakini wakati huo tulikuwa bado Soweto. Sikuwa nimefika Kawangware."

"Pepo halilipi nauli," akasema. Njoroge akacheka kidogo kwa pua. "Huyo mama anaita nani hapo nyuma?"

"Njoki."

"Na Njoki maana yake ni nini?"

Nilikuwa na maana mbili mdomoni. Moja nilipewa na mwenyewe, akiwa amenishika mkono. Nyingine niliokota mferejini. Nikaangalia lile pazia, nikaangalia Fanta, nikafikiria mafuta ya taa, nikasema, "Aliyekufa akarudi."

"Na kilio?"

"Husikika, Pasta."

Husikika! Hata sikusema uongo mzima. Nimefikiria hilo neno kuliko yote. Kilisikika, ndiyo. Nilikitoa mimi.

Siku ya kuchimba mmeiona. Kilichobaki ni hiki: shimo lilifika kiunoni mwa mwanamume. Walitoa mizizi, minyoo, mawe, kijiko kimoja chenye kutu. Hakukuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimesimama ukingoni na ile ndoo, na kila jembe likiinuka nilikuwa naangalia kuliko mtu yeyote, kwa sababu Mungu anisamehe, nilikuwa natumaini kuwe na kitu. Pasta akanipokonya ndoo, akamwaga maji ya chumvi mwenyewe, akasema, "Imekwisha." Jumatano kulikuwa kumemwagwa zege. Shosho alikuwa amerudi ndani, na kile kiatu kimoja kikabaki nje siku mbili, hakuna mtu alikiokota. Hata mimi.

Lakini kabla ya hiyo zege, Jumapili, kesho yake ya kuchimba, Jotham alisimama madhabahuni akaambia kanisa kwamba wamepata mifupa ya kitoto, imefungwa kwa kitambaa chekundu. Watu walipiga kelele, wengine wakaanguka. Shosho alikuwa amekaa benchi yake ya tatu. Alikuwa amekuja! Sijui alitegemea nini, labda alifikiri nyumbani kwa Mungu mtu angemuuliza. Akasimama, akafungua kitambaa chake cheupe, akakikunja mara nne polepole, akakiacha kwa benchi, akatoka. Mama Brayo, aliyekuwa kando yangu, alinigeukia akaniuliza kwa sikio, "Akinyi, sisi tulitazama kutoka milangoni, wewe si ulikuwa pale ukingoni? Kweli ilikuwa mifupa?" Jotham alikuwa anaangalia upande wetu. Nikainua mkono, nikasema amina.

Vyumba viwili vikasimama kwa wiki tatu, namba kumi na tatu na kumi na nne. Njoroge akaniambia, "Wewe umetusaidia, chukua moja, bado ni mpya." Nikachukua. Nimesema nitaandika vile nilivyoona, basi andikeni na hilo: niliishi juu ya Njoki miezi saba. Mvua ikija, sakafu ilikuwa inatokwa na jasho, na nilikuwa napanguza na tambara nikiangalia ukuta. Shosho hakunifukuza, na ploti bado ilikuwa ya jina lake. Hakunitukana. Siku moja tu tulikutana mfereji ukiwa hauna mtu, amekonda, viatu vyake vimefungwa na kamba. Akaniangalia miguu. Akaniuliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza habari ya kazi, "Siku hizi unasimama wapi?"

Nikainua ndoo yangu, nikaondoka. Mwezi ulipoisha nikafunga vitu vyangu nikarudi Kibera, na hapa niko. Tangu siku hiyo sijawahi kuvua viatu juu ya udongo. Huwa nafikiri sina ruhusa.

Njoroge, mamako alitaka karai moja tu. Wewe una vyumba kumi na vinne na fleti, na hukuweza kumpa udongo wa kujaza karai. Wewe hukuwahi kuamini, kwa hivyo wewe ni mbaya kuliko sisi tulioogopa. Jibu kwa watoto wako, wakiuliza.

Lakini ni wewe Jotham ninayekutaka. Nimesikia umemzika kwa heshima. Nimesikia umemwita nguzo. Nguzo tuliing'oa wewe na mimi, na mimi sehemu yangu nimeiandika hapa na jina langu, kila mtu wa Kambi Muru na Kawangware asome: nilijua, nikakataa, nikapewa chumba. Sasa ni zamu yako. Uliambia watu mmepata mifupa ya mtoto. Nilikuwa kando yako, Askofu. Simama pale pale madhabahuni Jumapili, mbele ya wale waliokuitikia amina, utuambie: hiyo mifupa ilikuwa ya nani, nani aliitoa shimoni, na mliipeleka wapi?